“Kwani bosi, biriani si wali na mchuzi tu?” Wakuu, hawa watu wanatuonaje?

Mla Ijumaa (mleta uzi)

Wakuu, naandika nikiwa kwenye gari nje ya mgahawa, mkono unatetemeka, vidole vya njano mpaka kwenye kucha. Mgahawa siutaji. Hakuna haja, wote mnaujua: ule wenye bango kubwa kuliko jengo lenyewe, ambao kila mgeni akishuka Dar lazima apelekwe kupiga picha. Bango linasema BIRIANI YA DUM, IMEPIKWA TARATIBU KWA MOTO WA MAKAA. Hiyo “taratibu” wameiandika kwa rangi ya dhahabu. Na dum maana yake sufuria linafunikwa kabisa, chakula kinaivia kwenye mvuke wake.

Nimetoka Swala ya Ijumaa na njaa yangu, nikaagiza biriani ya mbuzi. 18,000. Sahani ikaja.

Wali kwa juu rangi ya chungwa, punje ukiivunja ndani nyeupe pee. Hiyo si zafarani, hiyo ni rangi ya unga, imekorogwa kwenye maji ikamwagiwa wali ulioiva zamani. Iliki hakuna. Mdalasini hakuna. Samli hata kwa mbali hakuna. Twende kwenye rojo. Rojo la biriani ni zito, sahani ukiilaza halikimbii, kwa sababu ndani yake kuna vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia, vikapondwa kwa mkono, vikalala na nyama, mtindi, tangawizi na thomu. Mimi nimeletewa nyanya ya kopo na maji. Mchuzi mwepesi mpaka nikaiona feni ya dari inazunguka ndani ya sahani yangu! Vitunguu vya pete, vibichi, vinaogelea. Nyama imechemshwa peke yake huko ilikochemshwa, ndani haina hata chumvi, na imekaza utadhani yule mbuzi alikufa na deni la mtu.

Nikamwita mhudumu kwa adabu zote. “Mdogo wangu, hii siyo biriani.” Akaiangalia sahani. Akaniangalia mimi. Akasema, bila kupepesa macho:

“Kwani bosi, biriani si wali na mchuzi tu?”

Wakuu. Wali na mchuzi tu.

Bibi yangu Ngamiani, Tanga, shughuli ikiwa Ijumaa, vitunguu vinaanza kukatwa Alhamisi baada ya alasiri. Kilo ya nyama, kilo ya vitunguu. Papai bichi linasagwa linapakwa kwenye nyama ilainike. Asubuhi nyama inatangulia chini na rojo lake, wali ulioiva nusu unapangwa juu, kifuniko kinabandikwa unga wa ngano pembeni mvuke usipate pa kutokea, makaa chini kidogo, mengine yanapaliwa juu ya kifuniko. Halafu watu wanakaa. Hakuna kufunua. Mtoto akigusa kile kifuniko, jioni anatafutiwa shangazi wa kwenda kuishi naye. Na sufuria likifunuliwa, msikiti mzima unajua. Huyu kijana ananiambia wali na mchuzi tu!

Kama kupika hamna muda, andikeni kwenye bango WALI NYAMA, 6,000, tutakula na tutawashukuru. Wali nyama ni chakula cha heshima kabisa. Ila msichukue jina la biriani mkalivisha wali wa rangi mkatuuzia 18,000. Huo ni wizi, na ule wa mfukoni una nafuu, maana mwizi wa mfukoni hakuulizi “kwani bosi”.

Jiji hili sensa ya 2022 imetukuta zaidi ya milioni 5. Naomba sehemu moja, MOJA, ambako biriani inafunikwa ikaachwa iive. Anayejua aseme.

Kipara wa Tandika

Tujibu kwanza: sahani uliimaliza au hukuimaliza?

Chuma Chakavu

18,000 ya wali mchuzi. Mkuu umepigwa na kitu kizito. Mimi hapa nimekula wali maharage kwa mama ntilie, nimeongezewa mchuzi bure, na mama kaniita mwanangu.

Mla Ijumaa

Kipara, nimelipa yote na chakula nimekiacha mezani. Na hoja siyo kumaliza sahani. Hoja ni kwamba mtu mzima, amevaa fulana imeandikwa BIRIANI kifuani, ameniambia biriani ni wali na mchuzi tu. Imeandikwa kifuani kwake!

Bi Mkubwa wa Ilala

Pole mwanangu, nimekusoma nikasikia uchungu. Kuhusu rangi, jipimieni wenyewe: zafarani ya kweli ukiitia kwenye maziwa ya uvuguvugu inatoa rangi polepole, na ule uzi unabaki mwekundu. Rangi ya dukani ukiitia tu, chombo kizima kinageuka hapohapo. Ua moja la zafarani linatoa nyuzi 3 tu na zinachumwa kwa mkono, ndiyo maana bei yake haishikiki. Mimi simlaumu mtu akikosa zafarani, namlaumu akisema anayo. Manjano na samli nzuri zingetosha, mtu angekula akashiba akasema alhamdulillah.

Mpishi wa Shughuli

Napika maharusini, niseme kidogo. Migahawani wanapika sufuria moja la rojo Jumatatu, linalala kwenye friji, linapashwa mpaka Alhamisi. Kuku, mbuzi, ng'ombe, vyote vinachemshwa mbali na kutumbukizwa humohumo ukiagiza. Ndiyo maana nyama yako ndani haikuwa na chumvi: haijawahi kulala na kiungo hata saa moja.

Wali na rojo kupakuliwa mbalimbali siyo kosa lenyewe. Unguja na Mombasa nyumba nyingi zinapakua hivyo, wali huku, rojo huku, na ni biriani tamu ya kukufanya usahau ulichotumwa. Kosa ni haraka. Rojo linahitaji muda wake, vitunguu peke yake ukiwa na sufuria la harusi vinakula nusu siku.

Mkitaka kujua mgahawa unapika kweli, angalieni kitu kimoja: je, biriani inaisha? Biriani ya kufunika inapikwa sufuria zima kwa mara moja, watu wakija inapakuliwa, saa nane mchana unaambiwa imekwisha, rudi wiki ijayo. Ukikuta sehemu ina biriani siku 7 za wiki mpaka saa tano usiku, na kila ukifika ipo, agiza chipsi.

Mla Ijumaa

Mpishi, Mungu akubariki. Pale ipo mpaka usiku wa manane. Sasa nimeelewa kwa nini yule kijana alisema vile bila hata aibu. Yeye kweli hajawahi kuiona! Amekaa anauza kitu ambacho jikoni kwao hakijawahi kupikwa. Wali na mchuzi tu. Mpaka sasa inanipigia kichwani.

Mtoto wa Old Town

Poleni watu wa Dar. Njooni Mombasa mle biriani, huko kwenu mnakula rangi.

Kidevu cha Mbuzi

Mombasa ipi? Nilikuja Mombasa mkanipa biriani ina zabibu kavu nyingi kuliko nyama. Nilidhani nimeagiza keki.

Mtoto wa Old Town

Ulikula wapi wewe? Stendi ya basi?

Forodhani Jioni

Zabibu wala si tatizo. Tatizo ni watu wa bara kutia kiazi kikubwa kama ngumi kwenye biriani halafu nyama inajificha nyuma yake.

Bi Mkubwa wa Ilala

Kiazi usikiguse. Kiazi kilichokaangwa kidogo kikaenda kumalizikia kwenye rojo ndicho wajukuu wanachopigania kwangu.

Msomi wa Mwenge

Viazi vina historia. Kolkata, India, biriani bila kiazi hawaitambui. Inasimuliwa kwamba vilianzia jikoni kwa Nawab (yaani mtawala) Wajid Ali Shah wa Awadh, kaskazini mwa India, ambaye Waingereza walimwondoa madarakani 1856 akahamia Kolkata na wapishi wake. Wengine wanasema fedha za nyama zilipungua, wengine wanasema kiazi kilikuwa kitu kipya cha anasa wakati huo. Hyderabad nao wana yao, nyama mbichi iliyolowekwa na viungo inawekwa chini, wali ulioiva nusu juu, vinaivia pamoja humohumo ndani ya mvuke.

Chuma Chakavu

Nawab atamrudishia jamaa 18,000 yake?

Kipara wa Tandika

Hahaha, Chuma umeua.

Gesi Imekata

Tuwe wakweli, makaa nayo yanatupeleka pabaya. Mkakati wa nishati safi unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Sasa mnataka mgahawa wa mjini upalie makaa juu ya kifuniko kila siku?

Mpishi wa Shughuli

Gesi haikuzuii, ndugu yangu. Weka chuma cha kuchomea chapati juu ya jiko, sufuria lako likae juu yake, moto wa chini kabisa, funika kwa unga, dakika 40 usiguse. Oveni pia inafanya. Anayesingizia makaa, na vitunguu pia hakukaanga.

Mla Ijumaa

Naona tumeenda India, tumeenda Mombasa. Bado sijatajiwa sehemu hata moja. Na hakuna aliyesema kitu kuhusu lile jibu. “Kwani bosi.” Mimi bosi wake nani? Bosi gani anapewa maji ya nyanya?

Dada wa Sinza

Kaka pole, ila wewe ulikaa na kiyoyozi. Mimi jana nimeagiza chipsi mayai kwa simu, bodaboda kazunguka nazo mji mzima, zimefika zimekuwa uji. Yai moja! Chipsi mayai ya yai moja! Nimepiga simu naambiwa “dada, mayai yamepanda.”

Kidevu cha Mbuzi

Yai moja una bahati. Kwetu wanapitisha yai juu ya chipsi zione kivuli.

Forodhani Jioni

Na kachumbari siku hizi ni kabichi tupu. Nyanya imekwenda wapi?

Kipara wa Tandika

Nyanya yote imekwenda kwenye biriani ya mleta uzi.

Mla Ijumaa

Kipara, sicheki. Ile ilikuwa nyanya ya kopo, nimeshasema.

Mzee wa Kilo Moja

Nyie mnalalamikia mayai. Nyama choma je? Unaagiza kilo, inapimwa mbichi mbele ya macho yako, inaingia jikoni, inarudi imekatwakatwa kwenye sinia, ukihesabu ni nusu, na mifupa siyo ile uliyoiona. Nilishaiwekea alama kwa kisu nyama yangu. Imerudi haina alama!

Dada wa Sinza

Wewe mzee! Wanabadilisha kweli. Shemeji yangu alichagua ubavu akaletewa shingo, anaambiwa ubavu ukiiva unajikunja.

Chuma Chakavu

Unajikunja mpaka unakuwa shingo? Hapo ningelala palepale nisiondoke.

Gesi Imekata

Mishikaki mmeisahau. Vipande 4, vitatu mafuta, kimoja hakitafuniki. Halafu anakuuliza nikuongezee pilipili.

Bi Mkubwa wa Ilala

Mishikaki ya sasa hailowekwi, wanangu. Nyama inatoka buchani inachomekwa kwenye kijiti.

Mtoto wa Old Town

Mishikaki njooni Mombasa.

Kidevu cha Mbuzi

Umeanza tena wewe.

Mzee wa Kilo Moja

Gesi, fungua uzi wa mishikaki na nyama choma, sisi tunahamia huko wote. Uanze na huyo wa pale njia panda, ule mshikaki wake wa 500, mnamjua.

Dada wa Sinza

Yule! Naja sasa hivi, nina picha.