Diwani anayetetea kiti aeleze vipi ahadi ambazo hazikutimia?

SWALI

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninamaliza kipindi changu cha kwanza cha udiwani katika halmashauri ya jiji, na nimekwisha kuamua kwamba nitatetea kiti. Katika kampeni iliyopita niliahidi mambo matatu: mifereji ya maji ya mvua, taa za barabarani na maktaba ya watoto. Taa zimewekwa zote. Mifereji imejengwa katika nusu ya kata tu, na upande wa bondeni maji bado yanaingia majumbani kila mvua zinapokuwa kubwa. Maktaba haikujengwa kabisa, kwa sababu katika mwaka wa tatu wa bajeti daraja la kata nyingine lilibomoka, ikaletwa hoja barazani kwamba fedha za maktaba zihamishiwe huko, nami nikapiga kura ya kukubali. Niliamini wakati ule, na bado naamini, kwamba daraja lililokuwa likipitisha wanafunzi na wagonjwa lisingeweza kusubiri.

Wanaonisaidia katika kampeni wananishauri niandike kwenye vipeperushi kwamba nimejenga mifereji na taa, na kwamba maktaba nisiitaje mpaka niulizwe. Ushauri huo unanikosesha raha, kwa kuwa wapo wazazi walionipa kura kwa ajili ya maktaba peke yake, na ninakutana nao kila siku. Je, mtu anayeomba kura kwa mara ya pili aeleze vipi kazi aliyoiacha nusu, na hasa uamuzi alioukubali mwenyewe ambao uliwanyima watu wake haki waliyoitarajia, bila kuonekana anatafuta visingizio?

JIBU LA KWANZA, KUTOKA KWA ALIYEWAHI KUWA DIWANI

Mheshimiwa, nilikaa barazani vipindi viwili na nikashindwa nilipoomba cha tatu, kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyeonja uchungu wa jambo hili. Kosa langu lilianzia kwenye kitenzi kimoja. Niliandika kwenye mabango kwamba "nilijenga soko", ilhali diwani hajengi soko. Diwani ana kura moja. Makadirio hupita kwenye kamati, kisha kwenye baraza zima, na kazi yenyewe hufanywa na watendaji wa halmashauri pamoja na makandarasi. Mpinzani wangu aliomba mihtasari ya vikao, akaja kusoma hadharani kwamba siku fedha za soko zilipopitishwa mimi sikuhudhuria. Ilikuwa kweli. Siku ile nilikuwa namuuguza mama yangu, na katika vikao vitatu vya nyuma nilikuwa nimeutetea mradi huo kwa nguvu zangu zote, lakini maelezo hayo yalipowafikia watu yalikuwa yamechelewa, kwani neno "nilijenga" lilikuwa limekwisha kunifanya nionekane mwongo.

Kwa hiyo, kabla ya kuchapisha karatasi yoyote, kaa na mihtasari ya vikao vya kipindi chako chote, uisome kwa jicho la mtu anayetaka kukuangusha. Tazama mahudhurio yako, hoja ulizoleta, kura ulizopiga, na miradi ambayo jina lako halimo hata mahali pamoja ingawa imo ndani ya kata yako. Ukimaliza utajua ni wapi unaweza kusema kwa haki kwamba ulipendekeza, ni wapi uliunga mkono pendekezo la mwenzako, na ni wapi kazi yako ilikuwa kufuatilia tu ili mkandarasi asikimbie. Kufuatilia si kazi ndogo. Wananchi wanaielewa sana ukiwaeleza ni mara ngapi ulikwenda na uliambiwa nini.

Kuhusu daraja, nakusihi usitumie maneno "baraza liliamua" wakati mkono wako uliinuka pamoja na mingine. Nenda kwa wazazi hao wenyewe, kabla hawajakuita, uwaambie kwamba ulipiga kura hiyo, na sababu yake. Wapo watakaokasirika, na hasira yao ni halali, kwa sababu watoto wao ndio waliokosa. Kisha jiandae kwa swali ambalo ndilo gumu zaidi: baada ya daraja kukamilika, ulifanya nini ili fedha za maktaba zirudi katika bajeti iliyofuata? Kama ulileta hoja, onyesha. Kama hukuleta, hapo ndipo penye kosa lako, wala si kwenye daraja, na ni bora ulikiri wewe kuliko kulisikia kutoka jukwaa la mpinzani.

JIBU LA PILI, KUTOKA KWA MRATIBU WA KAMPENI

Nakubaliana na mzee aliyenitangulia kuhusu ukweli, lakini naongeza kwamba ukweli unahitaji kuwafikia watu, na uchaguzi wa madiwani ni uchaguzi ambao wengi hawajitokezi kupiga kura. Kiti huweza kupotea kwa mitaa miwili. Nakupa mfano wa Chicago, jiji lenye baraza la wajumbe 50, kila mmoja na wadi yake. Mwaka 2007 Joe Moore wa wadi ya 49, aliyekuwa amekaa barazani tangu 1991, alilazimika kuingia duru ya pili na akanusurika kwa kura zisizofika 300. Badala ya kuongeza mabango, mwaka 2009 aliwaalika wakazi waamue wenyewe matumizi ya takriban dola milioni 1.3 za miradi ya wadi, utaratibu ambao ulikuwa umeanzia Porto Alegre, Brazili, mwaka 1989. Wakazi walikaa vikao, wakapima gharama za njia za waenda kwa miguu na taa, wakagundua jinsi fedha zinavyoisha haraka, kisha wakapiga kura juu ya miradi. Uchaguzi wa 2011 Moore alipata zaidi ya asilimia 70.

Siwezi kudai kwamba bajeti hiyo peke yake ndiyo iliyompa ushindi, kwa sababu uchaguzi una mambo mengi, na mwaka 2019 Moore huyohuyo alishindwa na Maria Hadden, mwanamke aliyekuwa ameshiriki katika bajeti hiyo shirikishi. Ninachokiona mimi ni kwamba mkazi aliyewahi kushika hesabu ya mradi mkononi humsikiliza diwani kwa namna nyingine, iwe ni kumuunga mkono au kumpinga. Wazazi wako wangepewa nafasi ya kuiona ile bajeti ya mwaka wa tatu, pamoja na gharama ya daraja, mazungumzo yenu leo yangekuwa tofauti.

Jambo la pili ni miguu yako. Watafiti Alan Gerber na Donald Green walifanya jaribio mjini New Haven, Marekani, mwaka 1998, likihusisha wapiga kura wapatao 30,000, na wakaona kwamba kutembelewa nyumbani kuliongeza idadi ya waliojitokeza kupiga kura, ilhali simu zilizopigwa na kampuni ya kukodi hazikuleta ongezeko. Kwa hiyo punguza fedha za vipeperushi, uanze kugonga milango. Tena anza bondeni, ambako maji yanaingia, usianze kwenye mtaa wenye taa mpya. Watu wa bondeni wakisikia kwamba umepita mitaa yote na umewafikia wao siku ya mwisho, watajua kwamba unawaogopa.

JIBU LA TATU, KUTOKA KWA ALIYEKUWA KARANI WA VIKAO

Naongeza dogo ambalo madiwani wengi hulipuuza mpaka linapowafikisha mbele ya kamati ya maadili. Tangu siku unapotangaza kugombea, wewe ni watu wawili, na watumishi wa halmashauri wanamhudumia mmoja tu. Barua yenye nembo ya jiji, gari la ofisi, mpiga picha wa halmashauri, orodha ya simu za wananchi waliokuja ofisini kwako kuleta malalamiko, vyote hivyo si vya kampeni. Uingereza, kwa mfano, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1986 inazikataza halmashauri kuchapisha maandiko yanayoonekana kulenga kukijengea chama cha siasa uungwaji mkono. Hata mahali ambapo sheria haisemi waziwazi, mwananchi aliyekupa namba yake ili mfereji wake uzibuliwe hakukupa ruhusa ya kumtumia ujumbe wa kuomba kura.

Ile mihtasari uliyoshauriwa uisome, iombe kwa njia ileile anayoitumia mwananchi yeyote. Nimewahi kuagizwa na diwani nimtafutie kumbukumbu za miaka minne wakati wa saa za kazi, na nilipokataa alikasirika, lakini wiki iliyofuata mpinzani wake alikuja na ombi hilohilo, tukampa fomu ileile.

MUULIZAJI

Nawashukuru sana nyote. Nimesoma mihtasari ya mwaka wa nne, na imenibidi nikubali kwamba sikuleta hoja yoyote ya kurudisha maktaba. Nilimuuliza mwenyekiti wa kamati ya fedha kwa mdomo mara mbili, nikajibiwa kwamba fedha hazipo, nikanyamaza. Nitawaambia wazazi hivyo Jumamosi. Kimebaki kikao kimoja cha baraza kabla halijavunjwa. Je, nilete hoja sasa, au itaonekana ni ya kuombea kura?

ALIYEWAHI KUWA DIWANI

Itaonekana hivyo, na atakayesema hivyo hatakuwa amekuonea. Ilete hata hivyo, mradi iwe na chanzo cha fedha kilichotajwa na kiasi chake, ili diwani atakayekuja, awe wewe au mwingine, aikute kwenye kumbukumbu na aweze kuiendeleza. Waambie wazazi Jumamosi kwamba unaileta na kwamba huenda ikakataliwa, na usiichapishe kwenye vipeperushi.