Mnatuuzia matairi yaliyozeeka dukani halafu mnatuambia "angalia kashata", yaani yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara!

Wakuu, nimevumilia nimechoka, leo naandika.

Nina pikipiki ya BMW R75/5 ya 1972, mbele inavaa tairi la 3.25-19 (rimu ya inchi 19), nyuma 4.00-18, spoki na tyubu. Anayezijua saizi hizi hapa Uganda anaijua na shida yake. Maduka yamejaa inchi 17 za boda. Ukitaja 19 unaangaliwa kama umeulizia tairi la ndege. Mwishowe likapatikana duka moja Kampala. Nikapiga simu, nikauliza: ni jipya? Limetengenezwa lini? "Jipya kabisa ssebo (bwana), la juzi juzi, bado lina karatasi." Nikatuma hela, tairi likapakiwa kwenye basi hadi Mbarara.

Nalifungua: kashata zote zipo, vile vinywele vya mpira bado vimesimama, limepakwa mafuta linang'aa. Nageuza ubavuni, natafuta zile herufi DOT na tarakimu nne za mwisho baada yake, zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2211. Wiki ya 22, mwaka 2011! Hiyo ndiyo juzi juzi yao.

Napiga simu tena, mtu anacheka. "Ssebo, hilo halijagusa barabara hata siku moja, unalia nini?" Hela harudishi, eti mali ikishauzwa imeuzwa.

Sasa nyie wauza matairi mnisikilize. Kashata ni kipimo cha boda. Kijana anayezunguka mjini kutwa na abiria wawili na mkungu wa matoke, tairi lake litaisha kabla halijazeeka, kwa hiyo yeye akitazama kashata peke yake hakosei sana. Pikipiki ya zamani inatoka Jumapili, mvua ikikatika. Tairi lake linazeeka kabla halijaisha. Mpira unazeeka hata ukiwa umetundikwa ukutani: joto, jua na hewa vinaukausha, vile vilainishi vilivyomo vinatoka kidogo kidogo, unabaki mgumu. Watengenezaji kadhaa wakubwa wanasema tairi likifika miaka 5 likaguliwe kila mwaka na fundi anayejua, na likifika 10 tangu litengenezwe litolewe hata kama linaonekana zima. Tangu litengenezwe, si tangu ulinunue! Na ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Usibishane na mtu, ondoka dukani.

Kuna na wale wa humu humu jukwaani: "Mimi tairi langu lina miaka kumi na tano na kashata bado nzito." Ndugu yangu, haliliki kwa sababu limekuwa gumu! Mpira unaoshika lami ndio unaolika. Hilo lako subiri mvua za Aprili, upite msitu wa Mabira lami ikiwa imelowa, ukanyage breki ya mbele, ndipo utajua unaendesha nini.

Mafundi nao wamo. Fundi anapita na kidole juu ya tairi, anasema "bado, bado." Hajainama kutazama ndani ya mifereji, na nyufa huanzia huko, na pale ubavu unapokutana na rimu. Hajabonyeza ukucha aone kama mpira unabonyea na kurudi. Hajaitafuta alama ya TWI ubavuni, inayokuelekeza kwenye vile vinundu vya ndani ya mfereji. Kashata zikilingana navyo, tairi limekwisha. Kwenye matairi mengi ya pikipiki hapo imebaki kama milimita 0.8 tu. Uingereza sheria inataka milimita 1 kwa pikipiki za zaidi ya cc 50, Ujerumani 1.6. Huku kwetu likifika hapo mtu anachukua kisu cha moto anachonga mifereji mipya. Anachonga nini? Anakaribia nyuzi za ndani zinazolishika tairi!

Wa pancha ndiyo kabisa. Hana geji, anapiga tairi teke, akiona limekaza basi amemaliza. Upepo ukizidi tairi linalika katikati, upepo ukipungua linalika pembeni na kuchemka. Halafu nikilalamika kwamba la nyuma limekuwa bapa katikati na pikipiki inasita kwenye kona, naambiwa "hizi za zamani ndivyo zilivyo." Si ndivyo zilivyo! Ni upepo wenu, na ile barabara ya Masaka iliyonyooka.

Na tafadhali msianze kuniuliza "limetembea kilomita ngapi." Nusu ya hizi pikipiki waya wa spidi ulikatika zamani, na kilomita moja ya murramu yenye kokoto hailingani na moja ya lami.

Tairi lenyewe nimelirudisha dukani kwa basi lile lile, nauli yangu, na barua juu yake. Kimya mpaka leo. Duka sitalitaja hapa, wenyewe wanajijua.

Mwenye 3.25-19 ya tyubu, herufi ya mwendo (spidi ya juu ambayo tairi linahimili) S au H, ya miaka miwili mitatu hii, Kampala, Jinja au hata ng'ambo ya Busia, anitumie picha inboksi. Picha ya zile tarakimu nne. Ukinitumia ya kashata sitajibu.