Maktaba ya jamii Pangani: tuipeleke Holcim au Tuzo ya Aga Khan, na faili liandaliweje?

MsanifuPwani:
Wakuu, habari za kazi. Kuna jengo la maktaba na ukumbi mdogo Pangani, mita za mraba 240, linatumika tangu Juni 2023. Kuta ni matofali ya udongo na saruji yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Dari ni ya matofali hayohayo juu ya nondo, na paa la bati limeinuliwa juu yake kwa kenchi ili upepo upite katikati. Mwenye jengo ni jumuiya ya kijiji, na sehemu ya nguvukazi ilitoka kwao.

Tunataka kuliwasilisha kwenye tuzo yenye uzito kikanda. Naomba mwongozo kwa haya: (1) Holcim (tuzo za ujenzi endelevu) au Aga Khan (tuzo ya usanifu majengo)? (2) Faili liwe na nini hasa? (3) Watumiaji wameziba matundu ya hewa ya juu kwa plaiwudi kwa sababu ya popo na vumbi. Tuyafungue siku ya kupiga picha tu, au tufanyeje?

Mkato_A_A:
Holcim iondoe kwenye hesabu. Tuzo zile ni za miradi ambayo michoro yake imekomaa au ambayo ujenzi wake unaendelea. Shule ya sekondari ya Gando, Burkina Faso, kazi ya Francis Kéré, ilipata dhahabu ya kanda ya Afrika na Mashariki ya Kati mwaka 2011, kisha dhahabu ya dunia mwaka 2012, bila kusubiri jengo likamilike. La kwenu limeshakabidhiwa. Mkiwa na mradi mwingine ulio mezani sasa, huo ndio wa kuupeleka huko.

Tuzo ya Aga Khan inakwenda kinyume chake: inataka jengo lililomalizika na kutumika kwa angalau mwaka mmoja, na kila duru hutangaza miaka ya ukamilishaji inayokubalika. Ilianzishwa 1977, hutolewa kila baada ya miaka mitatu, na fungu lake ni dola milioni moja za Marekani wanazogawana washindi. Inaangalia jamii ambamo Waislamu wapo kwa idadi ya maana, kwa hiyo mwambao wetu umo. Msanifu au mwenye jengo si lazima awe Mwislamu.

Udogo wa jengo usiwatie hofu. Mwaka 2004 shule ya msingi ya Gando, iliyojengwa na wanakijiji wenyewe, ilishinda katika duru moja na Bibliotheca Alexandrina ya Misri na minara ya Petronas ya Kuala Lumpur. Na duru ya 2025, kati ya miradi 19 ya orodha fupi, mmoja ulikuwa wa kwetu huku: Campus Startup Lions ya Turkana, Kenya, ile yenye minara ya hewa inayofanana na vichuguu.

Hakikisheni jambo moja kabla ya kugusa fomu: nani aliagiza na kulipia kazi? Miradi iliyoagizwa na taasisi za mtandao wa maendeleo wa Aga Khan haikubaliwi, hata iwe nzuri namna gani.

BOQ_Tanga:
Nitasema la gharama tu, maana hapo ndipo mafaili mengi ya majengo ya jamii yanapoonekana hayaaminiki. Mtu anaandika bei ya mita ya mraba iliyo nusu ya bei ya soko, na ukifungua BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei zake) unakuta shimo la maji taka halimo, uzio haumo, na kazi ya wanakijiji imehesabiwa sifuri.

Tengeni safu tatu: fedha zilizolipwa, vifaa vilivyochangwa (mchanga, mawe, maji), na siku za kazi za kujitolea zilizozidishwa kwa ujira wa kibarua wa mwaka ule ule. Eneo lenye kuta liandikwe peke yake, baraza peke yake. Kama hizo 240 zina baraza ndani yake, semeni. Kiasi kiandikwe kwa shilingi kwanza, kisha dola kwa kiwango cha siku ya kusaini mkataba, na tarehe ionekane. Kubadilisha kwa kiwango cha leo kunapotosha kabisa.

Majina ya waliojenga pia yakusanywe sasa. Tuzo hii huwatambua wenye jengo, mafundi na wahandisi pamoja na msanifu, na fedha hugawanywa kulingana na mchango. Fundi aliyesimamia mashine ya matofali asipoandikwa leo, baadaye itakuwa ugomvi.

ChokaaNaBoriti:
Swali la tatu ndilo zito, na jibu langu ni hapana: msiyafungue kwa ajili ya picha. Mradi ukiingia orodha fupi, tuzo hutuma mhakiki wake. Yeye huja hadi jengoni, hukaa na watumiaji, hupima na kuuliza, halafu yeye ndiye anayeueleza mradi mbele ya jopo la waamuzi. Msanifu haendi kujitetea. Mhakiki akikuta plaiwudi mahali ambapo picha inaonyesha upepo unapita, basi kila kilichoandikwa kwenye faili kitatiliwa shaka, hata kilicho kweli.

Tatizo lenyewe linatibika. Popo hupenya kwenye nafasi ndogo sana, hivyo wavu wa kuku wa matundu makubwa haufai. Tumieni wavu wa matundu ya milimita 6. Ila jueni gharama yake kwa hewa: wavu wenye waya wa milimita 1 hubakiza takriban asilimia 73 ya uwazi, kwa hiyo ili kurudisha hewa ile ile tundu linatakiwa liongezwe theluthi na kidogo. Kama ukuta hauruhusu, fungeni wavu kwa fremu iliyojitokeza mbele kama sanduku, eneo la wavu liwe kubwa kuliko tundu lenyewe.

Wavu wa mabati wa kawaida Pangani utaliwa na chumvi haraka. Chukueni chuma kisichoshika kutu, au uliofunikwa plastiki. Fremu ifungwe kwa skrubu, isipigwe misumari, ili mtunza maktaba aitoe na kuisugua, kwa sababu vumbi litaziba wavu mzuri kama plaiwudi inavyoziba sasa. Na popo watoke kwanza: zibeni matundu yote isipokuwa moja, hilo moja lifungwe usiku baada ya kundi kutoka, na msifanye hivyo wakati wana watoto, watafia ndani.

Kisha andikeni yote hayo kwenye faili: matundu yalizibwa na watumiaji mwaka fulani kwa sababu hii, yakarekebishwa hivi, hali sasa ni hii. Kwangu mimi ukurasa huo una thamani kuliko picha kumi za machweo, kwa sababu unaonyesha jengo linaishi na lina wanaolitunza.

MsanifuPwani:
Nashukuru sana. Fremu ya sanduku inawezekana, ukuta una nafasi upande wa nje. Je, tukidai kwamba ndani ni baridi kuliko nje, tuthibitisheje? Na picha, kuna vipimo?

Mkato_A_A:
Joto: vipima-joto vitatu vyenye kumbukumbu, saa zake zote zikiwa zimelinganishwa, na virekodi kila dakika 15. Kimoja nje kivulini, penye upepo. Kimoja ndani, mita 1.1 kutoka sakafuni, ambapo ndipo kichwa cha msomaji aliyekaa. Kimoja kati ya bati na dari. Hicho cha tatu ndicho kitakachoeleza kama paa la juu linafanya kazi au ni pambo. Kosa la kawaida ni kukibandika cha ndani kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni, hapo unapima tofali badala ya hewa. Pimeni wiki mbili za kaskazi, Januari au Februari, na wiki mbili za kusi. Tena pimeni mara mbili: sasa kabla hamjatoa plaiwudi, na tena baada ya wavu kufungwa. Hakuna mchoro wa mishale ya buluu utakaoshinda jedwali hilo.

Picha: Pangani iko nyuzi 5 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo uso wa kusini hupata jua la mchana tangu mwanzoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi. Miezi mingine uso huo hukaa kivulini na matofali hayaonyeshi umbile. Pangeni siku kwa kufuata hilo, saa moja hadi saa tatu asubuhi, au saa kumi na nusu hadi magharibi. Kwa ukubwa wa A3, kwa nukta 300 kwa inchi, mnahitaji pikseli 4961 kwa 3508. Ruhusa ya mpiga picha iwe ya maandishi, na wazazi wa watoto wanaoonekana nao waridhie kwa maandishi.

Michoro: ramani ya kiwanja, ramani ya sakafu, mikato miwili (michoro ya jengo kama limekatwa wima) na mchoro mmoja wa kina wa paa. Wekeni mstari wa vipimo (kipande cha mstari chenye alama za mita) badala ya kuandika "1:100", kwa sababu mchoro ukipunguzwa kwenye skrini uwiano huo si kweli tena. Mkato mmoja upite katikati ya tundu la hewa lenye wavu, kama lilivyo sasa na si kama lilivyochorwa mwanzo.

ChokaaNaBoriti:
Naongeza: katika ule mchoro wa kina onyesheni umbali kati ya dari na bati kwa milimita, mwanzo na mwisho wa mteremko. Mhakiki atapanda ngazi kuupima.