Naomba ushauri: mdogo wangu anakamatwa akienda kunywa dawa

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mdogo wangu aliacha unga (heroini), ana miezi saba kwenye methadoni, dawa ya kliniki ya kuwasaidia walioacha unga, hapa Dar. Anainywa kila siku palepale dirishani mbele ya muuguzi, hapewi ya kubeba. Shida ni ulinzi shirikishi wa mtaani. Wanamjua kwa sura ya zamani, wakimwona alfajiri wanamzoa na mateja wengine. Juzi kalala mahabusu, kakosa dozi, karudi na arosto, anatetemeka, makamasi yanamtiririka. Kadi ya kliniki aliwaonyesha, wakacheka. Mwenyekiti wa mtaa ananiambia "nitaongea nao", wiki ya tatu hii.

Nimfuate polisi kata mwenyewe, au kliniki waandike barua kwanza? Na kuna ambaye ndugu yake aliwahi kupelekwa kunywa dozi akiwa mahabusu?