Mjadala: Je, kuondoa kufuli la ukanda ili kutazama DVD halali ya kipindi cha zamani kutoka nje ni uharamia?

MTOA HOJA (Dar es Salaam)

Naomba tujadili jambo ambalo wapenzi wa vipindi vya zamani vya televisheni hulizungumzia pembeni kana kwamba ni kosa. Hoja yangu ni kwamba mtu aliyelipia DVD halali, iwe imenunuliwa London, Toronto au Sydney, ana haki ya kuitazama popote alipo, na kwamba kuondoa kufuli la ukanda kwenye deki aliyoinunua kwa fedha zake si uharamia.

Kwa wasioufahamu mfumo huu, DVD ilipoingia sokoni, Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, kampuni kubwa za filamu ziliigawa dunia katika kanda 6. Marekani na Kanada ni ukanda wa 1. Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati na Afrika Kusini ni ukanda wa 2. Sisi, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi, tukawekwa katika ukanda wa 5. Deki ina namba yake, diski nayo ina yake, na zisipolingana skrini inakuandikia tu kwamba diski hiyo haichezeki katika ukanda wako. Kwa hiyo Mzanzibari aliyehamia Muscat yuko ukanda wa 2, ndugu yake aliyebaki Unguja yuko ukanda wa 5, na zawadi halali ya mmoja inaweza isifae kitu kwa mwenzake.

Sababu iliyotolewa wakati huo ilikuwa sinema: filamu ilianza kuonyeshwa Marekani na kufika kwingine miezi kadhaa baadaye, hivyo kampuni hazikutaka DVD ya Marekani itangulie kumbi za Ulaya au Asia. Sababu hiyo naielewa. Lakini Mind Your Language, ambayo ilirushwa Uingereza kuanzia mwaka 1977 na ikawachekesha watu wetu kwa miaka mingi, inasubiri ukumbi gani wa sinema? Kipindi cha televisheni cha zaidi ya miaka 40 hakina onyesho la kwanza la kulindwa.

MCHANGIAJI (Leeds)

Ndugu mtoa hoja, umeeleza nusu ya habari. Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika masuala ya haki za vipindi, na naweza kusema kwamba kwa vipindi vya televisheni kufuli halikuhusu sinema bali mikataba. Haki za kuuza kipindi hugawanywa nchi kwa nchi, na mzigo mzito kuliko yote ni muziki. Chukua mfano wa WKRP in Cincinnati, kichekesho cha Marekani cha mwaka 1978 hadi 1982 kinachohusu kituo cha redio, ambacho nyimbo zake zililipiwa kwa ajili ya kurushwa hewani tu. DVD ya msimu wa kwanza ilipotoka mwaka 2007, nyimbo nyingi zilikuwa zimeondolewa na kubadilishwa kwa sababu gharama ya kuzilipia upya ilikuwa kubwa mno, na ikabidi kusubiri hadi mwaka 2014 kampuni nyingine ikubali kulipia sehemu kubwa ya muziki wa asili.

Sasa fikiria kampuni ndogo ya Uingereza inayotaka kutoa tamthilia ya mwaka 1965 kwa wanunuzi wachache. Inaweza kulipia haki za Uingereza peke yake, lakini ikiambiwa ilipie dunia nzima itaiacha tamthilia hiyo ghalani. Kufuli mnalolilaumu ndilo lililofanya baadhi ya vipindi hivyo vipatikane angalau mahali pamoja.

MCHANGIAJI (Muscat)

Dada wa Leeds, hoja yako ina uzito, lakini mkataba unawafunga waliotia saini, na mimi sikutia saini popote. Nikinunua diski dukani London, mtunzi wa wimbo, mwigizaji na kampuni wamekwisha kupata sehemu yao kutokana na nakala hiyo. Nikiipakia kwenye sanduku na kupanda nayo ndege, hakuna aliyepoteza hata senti.

Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua jambo la jirani na hili mwaka 2013, katika kesi ya mwanafunzi kutoka Thailand aliyekuwa akiingiza vitabu vya kiada vilivyochapwa nje na kuviuza Marekani: nakala iliyotengenezwa na kuuzwa kihalali nje ni mali ya aliyeinunua, na mchapishaji hawezi kuzuia isiuzwe tena. Tena kampuni zenyewe zimeliacha kufuli hili. Diski za Ultra HD Blu-ray, zenye picha kali kuliko DVD, zilizoanza kuuzwa mwaka 2016 hazina kanda kabisa, na biashara haikufa kwa sababu hiyo. Na kama mnadhani tatizo ni letu sisi wanyonge tu, mwaka 2009 magazeti ya Uingereza yaliripoti kwamba Rais Obama alimzawadia Waziri Mkuu Gordon Brown DVD 25 za filamu za Marekani, na zilikuwa za ukanda wa 1, ilhali Uingereza iko ukanda wa 2.

MCHANGIAJI (Nairobi)

Naomba tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa hapa, kwa kuwa sheria inayaangalia tofauti. Kununua deki inayocheza kanda zote ni jambo moja. Kuvunja usimbaji wa diski, yaani msimbo wa siri unaoficha data zake, kwa programu ya kompyuta ni jambo jingine. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inakataza kukwepa vizuizi vya kiteknolojia vinavyolinda kazi zenye haki miliki, na Sheria ya Haki Miliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo ina makatazo ya namna hiyo. Swali gumu ni kama namba ya ukanda inailinda kazi yenyewe au inalinda soko tu.

Australia ililijibu swali hilo waziwazi. Mwaka 2005 mahakama yake ya juu ilikataa hoja ya Sony kwamba mfumo wa PlayStation, mashine yake ya michezo ya video, ambao ulizuia pia michezo halali ya kanda nyingine, ulikuwa kizuizi kinacholindwa na sheria, na marekebisho ya mwaka uliofuata yakaweka kufuli la kanda la filamu na michezo nje ya ulinzi huo. New Zealand ikafuata njia hiyo mwaka 2008. Huko Norway, Jon Lech Johansen alishtakiwa kwa kushiriki, akiwa na umri wa miaka 15, kutengeneza programu ya DeCSS iliyofungua usimbaji wa DVD, na mwaka 2003 aliachiwa huru mara mbili, kwanza katika mahakama ya chini na kisha katika rufaa, kwa kuwa diski alizofungua alizinunua kihalali. Hata hivyo, hukumu za huko hazizifungi mahakama zetu, na nisingemshauri mtu afungue duka la kunakili diski kwa kuzitegemea.

MCHANGIAJI (Arusha)

Mimi ni fundi, na ningependa wanasheria wajue kazi hii inavyofanyika. Deki nyingi za bei nafuu zinazoingia kutoka China zinafika zikiwa zimekwisha kufunguliwa. Kwa zile zilizofungwa, namwomba mteja aje na rimoti halisi ya deki, kwa sababu kazi yote iko humo: trei inafunguliwa, inabonyezwa Setup, zinafuata tarakimu ambazo mtengenezaji mwenyewe aliziweka kwa ajili ya mafundi, na kwenye skrini inajitokeza menyu ndogo isiyotajwa katika kitabu cha maelezo, ambamo namba 5 inabadilishwa kuwa 0, yaani kanda zote. Sichomeki kitu wala sivunji kitu. Diski chache za Marekani za kuanzia mwaka 2000 huiuliza deki namba yake na kugoma zikikuta iko wazi kwa kanda zote. Kwa hizo naiweka 1, nazo zinacheza. Kwenye kompyuta ni vigumu zaidi, maana kiendeshi chake cha DVD hukubali kubadilishiwa ukanda mara 5 tu, kisha kinabaki palepale.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni mfumo wa picha. Diski ya Marekani ni NTSC, ya Uingereza ni PAL kama televisheni zetu za zamani, na televisheni isiyopokea mifumo yote miwili itakuonyesha picha isiyo na rangi au inayokimbia hata kama ukanda umefunguliwa. Tena kuna sababu ya haki kabisa ya kuitaka diski ya nje: tamthilia za Marekani zilizopigwa kwa fremu 24 kwa sekunde huharakishwa hadi 25 zinapotolewa kwa PAL, hivyo kipindi cha dakika 50 huisha kwa dakika 48 na sauti za waigizaji hupanda kidogo. Mwenye masikio makini hukereka.

MCHANGIAJI (Toronto)

Wenye mali wanapozungumzia ulinzi, tusisahau nani aliyevihifadhi vipindi hivi. BBC ilifuta au kutupa sehemu kubwa ya vipindi vya Doctor Who, tamthilia yake ya kubuni ya kisayansi, vya miaka ya 1960. Vingi vilivyookolewa vinatokana na nakala za filamu za milimita 16 zilizouzwa kwa vituo vya nje, zikiwamo nchi za Zambia, Kenya na Uganda, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyokuwa vimepotea vimepatikana katika kituo cha televisheni cha Jos, Nigeria. Leo diski ya vipindi hivyo ikifungwa kwa ukanda wa 2, mtu wa Jos anaambiwa hana ruhusa ya kutazama kilichohifadhiwa mjini kwake.

MCHANGIAJI (Leeds)

Habari ya Jos sina la kuijibu, na nakubali kwamba mtazamaji mmoja na diski yake moja si adui wa mtu. Wasiwasi wangu uko kwa mfanyabiashara anayeingiza makatoni ya DVD za Uingereza na kuziuza mahali ambapo kuna mwenzetu aliyelipia haki za nchi hiyo.

MTOA HOJA (Dar es Salaam)

Wasiwasi huo ni wa haki, na mwenye leseni ya nchi akiwapo, alindwe. Lakini naomba unitajie, dada, ni nani anayeshikilia leseni ya kuuza DVD za Mind Your Language katika ukanda wa 5.

MCHANGIAJI (Leeds)

Simjui hata mmoja. Kwa vipindi vya aina hiyo, mwenye haki angeweza kutoa diski isiyo na kufuli, kama zinavyofanya baadhi ya kampuni ndogo, na ningeunga mkono jambo hilo pale ambapo muziki umelipiwa.