Tupeane uzoefu: safari ndefu ya barabara nje ya nchi na rafiki, pesa za kujibana

Mwana wa Chake
Assalaam alaykum wadau. Mie na rafiki yangu wa tangu skuli tumekata shauri, inshaallah baada ya Idi tunaondoka. Tunavuka Dar, tunashika Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, tunaingia Zambia mpaka Lusaka, tunashuka Livingstone kuyaona maporomoko ya Victoria, halafu daraja la Kazungula tuingie Botswana, tukijaaliwa tumalizie Johannesburg. Mwenzangu ana RAV4 kuukuu ya namba za Z, za hapa Zanzibar, anataka twende nayo, mie nasema mabasi. Pesa zenyewe tumeweka kidogo kidogo tokea mfunguo sita, mwezi wa Maulidi, hazina cha kuchezea. Nyie mliowahi kutoka namna hii na rafiki, si kwa kampuni za watalii, hebu semeni. Pesa mlishikaje, chakula, mipakani, kulala, chochote.

Binti Kikwajuni
Gari ya Z? Yakhe isahauni. Gari ya Z haivuki bara hivi hivi, inataka kibali cha forodha, uilipie na meli, hapo ndio kwanza uko Dar hata Chalinze hujaiona. Kisha utake bima ya nje ile ya COMESA wanaita Yellow Card, utake pembe tatu mbili na stika za kung'aa mbele na nyuma, trafiki wa Zambia anazitazama moja moja. Mjomba wangu yake aliigeuzia Mbeya akarudi. Pandeni basi mlale.

Kojani Boy
Yellow card si ile ya chanjo?

Binti Kikwajuni
Mbili hizo. Moja ya gari, moja ya mtu ya homa ya manjano. Ya mtu ukishachanjwa ni ya maisha, walibadilisha 2016, zamani ilikuwa miaka 10. Lakini inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano kwa hiyo msije mkachanja mkiwa mshafunga mabegi.

Abuu Salma
Mmenikumbusha Machakos 2017 jamani. Zanzibar Heroes fainali ya CECAFA na Kenya, mwaka ule ule CAF walitupa uanachama Machi wakatunyang'anya Julai, sasa tuna uchungu timu nzima ya mtaa tunataka kwenda. Tukatoka na boti ya asubuhi, basi mpaka Arusha, Namanga, Nairobi, chumba kimoja tumelala kama dagaa. Mbili mbili, penalti tukatolewa. Nimelia mie mtu mzima na sioni haya. Lakini raha ya safari ile sijaipata tena, na siri yake ilikuwa mfuko mmoja. Kila mtu alitoa sawa sawa, mshika fuko mmoja, chai, nauli, choo, vyote humo. Hakuna aliyeuliza "nani kalipa". Mwana wa Chake fanyeni mfuko mmoja usiku mtalala.

Shoga wa Wete
Mfuko mmoja??? Abadan. Kila mtu na chake. Mie nilikwenda Kampala kwa basi na shoga yangu, tumefanya huo mfuko mmoja, mwenzangu kila kituo soda, kila kituo mishikaki, mie tumbo langu halipendi kula njiani nakunywa maji tu. Tunafika Mutukula, mpakani na Uganda, fuko limebaki nusu na mie sijala kitu. Tulirudi hatusemezani mpaka Maulidi.

Abuu Salma
Sasa dada hiyo ni ya mfuko au ya soda?

Shoga wa Wete
Ya mfuko. Angekuwa anatoa kwenye pochi yake angekunywa maji kama mie.

Dereva Mstaafu
Vijana, tokeni kwenye soda. Naongea kama mtu aliyeendesha njia hiyo. Pesa chenjini benki au ofisi yenye bango, msichenji kwa wale vijana wanaowakimbilia na mabunda pale Nakonde, ukishavuka Tunduma upande wa Zambia. Zambia walikata sifuri tatu tarehe 1 Januari 2013, kwacha elfu moja ya zamani ikawa moja. Noti za zamani hazinunui hata karanga, na mgeni ndiye anayebambikwa. Nimemuona mama wa Kitanzania amekaa chini anahesabu mabunda yake, noti zote za zamani, kijana keshapotea kwenye malori. Dola chukueni safi zisizo na michoro wala kukunjwa. Na mkivuka Nakonde saa inarudi nyuma saa moja, watu wanakosa mabasi kwa hilo.

Kojani Boy
Wala msihangaike, pandeni TAZARA, Wachina wametuwekea reli kilomita 1,860 mnalala mnaamka mnaona tembo dirishani.

Dereva Mstaafu
Inaishia Kapiri Mposhi, kufika Lusaka bado basi. Na mwenyewe kasema barabara.

Kojani Boy
Reli nayo si iko chini mzee, haipiti hewani.

Ngalawa
Nimeiona hii mada moyo ukanipiga paa. Nitaandika kirefu mniwie radhi.

Njia hiyo hiyo aliyoitaja ndugu, mie nimeipita na mwenzangu. Jina simtaji. Chuo kimoja cha Qur-an, skuli moja, jezi tukibadilishana, kwao kwetu, kwetu kwao. Yeye ndiye aliyeleta fikra, twende tukayaone maji turudi. Tukafanya mfuko mmoja kama anavyosema Abuu Salma, akashika yeye kwa sababu mie garini nalala sana. Tunduma foleni ya malori imeshikana hadi huoni mwisho, tukashuka tukavuka kwa miguu begi kichwani tunacheka. Zambia nchi kubwa, Isoka, Chinsali, Mpika, misitu tu na makaa yamepangwa barabarani, unalala unaamka bado msitu.

Kuanzia Mpika nikaona mambo. Simu yake ikilia anakwenda kuzungumza peke yake. Kila kituo anamuuliza konda habari za Kazungula, basi za kwenda chini zinaondoka saa ngapi, na mie najua sie mwisho wetu Livingstone. Nikimuuliza anasema "najua tu njia". Livingstone tukapata gesti ya bei ya chini, chumba kimoja vitanda viwili. Tukaenda kuyaona maji. Wallahi unayasikia kabla hujayaona, moshi umesimama juu ya miti, ukikaribia unarowa mpaka nguo ya ndani. Mwenzangu alisimama pale muda mrefu hasemi kitu. Usiku tukala wali kwa Muhindi mmoja Muislamu, akatupunguzia alipojua tunatoka Unguja. Tunarudi gesti ananiambia "ukifika nisalimie Bi Mkubwa". Nikacheka, si tunarudi sote.

Alfajiri naamka kuswali, kitanda cha pili kitupu. Begi hamna. Juu ya mto wangu kaweka pasi yangu, kwacha za nauli ya kufika Lusaka, na kipande cha karatasi, "nisamehe nakwenda kutafuta maisha, nyumbani sina njia". Fuko lote kaenda nalo. Nauli ya Lusaka tu. Lusaka mpaka Dar nitajua mwenyewe.

Lusaka niliteremkia msikitini, baada ya Adhuhuri nikamueleza mzee mmoja, akanipeleka kwenye yadi ya malori kuna madereva wa Kitanzania. Dereva wa Tukuyu, Mungu amzidishie, hakuniuliza dini wala kwetu wapi, akanipakia, Kapiri, Serenje, Mpika tena ile ile misitu, ananilisha mpaka Tunduma, na Tunduma akanitia kwenye basi la Dar kwa pesa yake. Kule kukwama kote mie nimeshakusahau.

Kilichobaki kwangu ni Malindi, bandarini hapa Unguja. Nashuka kwenye boti, mama yake yuko pale bandarini, kaja kutupokea sote wawili. Kanitazama, akatazama nyuma yangu. Watu wanashuka, yeye anatazama tu nyuma yangu mpaka boti imekwisha watu na makuli wanaanza kutoa mizigo. Kisha akaniuliza, "Mwenzio umemuacha wapi?" Yeye mtoto wake alimuaga kwa wiki mbili. Sikuwa na la kumjibu, karatasi iko mfukoni nikashindwa kuitoa.

Binti Kikwajuni
Subhanallah.

Shoga wa Wete
Nimeshindwa kuendelea na kazi hapa. Mama wa watu.

Mwana wa Chake
Kaka Ngalawa pole sana. Karatasi ulimpa?

Ngalawa
Usiku ule ule. Baba yangu alinisindikiza, akamsomea yeye. Mie nilikaa barazani.

Mtumwa wa Mola
Msimuhukumu sana kijana. Wangapi wamekwenda Sauzi kwa njia hiyo hiyo ndio wanaojenga nyumba hapa Unguja na Pemba? Hali ngumu inamfanya mtu asiage.

Shoga wa Wete
Aende, nani kamkataza? Pasi anayo, Mtanzania Afrika Kusini haombi viza kwa kutembea. Aseme "mie nakwenda sirudi". Fuko la mwenziwe kalichukulia nini, na mama yake kamdanganyia nini?

Mtumwa wa Mola
Angesema asingeruhusiwa.

Shoga wa Wete
Basi asingekwenda! Mbona unamtetea, wewe ndiye?

Abuu Salma
Jamani jamani. Tumsaidie mwenye mada.

Dereva Mstaafu
Ngalawa, huyo dereva wa Tukuyu anawakilisha wengi, njia ile watu husaidiana. Mwana wa Chake andika kwenye karatasi, si kwenye simu, namba ya nyumbani na ya ubalozi wetu Lusaka. Simu inazima, inaibiwa.

Ummu Nasra
Hamjagusa chakula. Sie tulivuka Kazungula na daraja jipya, lile lililofunguliwa 2021, mita 923, limekwenda kwa kupinda juu ya Zambezi zuri kweli, zamani mlikuwa mnasubiri pantoni na malori. Sasa upande wa Botswana wanalinda ng'ombe wao na maradhi ya miguu na midomo, nyama na maziwa hawataki, unakanyaga dawa na viatu, gari inapita kwenye dawa na magurudumu. Mama mkwe alitufungia nyama ya kukausha ya njia nzima, yote ilibaki pale mezani. Chukueni visheti, kashata, tende, mkate wa ajemi haufiki mbali unakauka. Halali miji mikubwa ipo, Lusaka, Livingstone, Gaborone, ulizeni msikiti tu. Katikati huko kuleni mayai na samaki.

Kojani Boy
Na mikate ya kumimina?

Ummu Nasra
Inachacha siku ya pili mwanangu.

Mtumwa wa Mola
Msisahau sala. Safari ya marhala mbili, mwendo wa siku mbili wa zamani, unapunguza na unakusanya, dini imewawekea wepesi.

Abuu Salma
Ila wakinuia kukaa Johannesburg siku nne kamili, mbali ya siku ya kuingia na ya kutoka, wanatimiza. Hilo wengi wanalisahau wanapunguza mwezi mzima.

Mtumwa wa Mola
Kuna kauli nyengine sheikh.

Abuu Salma
Zipo, mie nasema ya Imamu Shafi, ndio tuliyosomeshwa.

Shoga wa Wete
Mie nimerudi kuuliza. Ngalawa, yeye sasa yuko wapi?

Ngalawa
Durban. Ana mke na watoto. Siku za Idi ananipigia tunasalimiana, pesa anampelekea mama yake kila mwezi, hilo simnyimi. Fuko hajalitaja na mie sijamdai.

Shoga wa Wete
Mdai! Deni ni deni, akifa nalo je?

Ngalawa
Nimeshamsamehe la pesa. La bandarini namngojea aje alizungumze mwenyewe, uso kwa uso.

Mwana wa Chake
Ahsanteni nyote, nimeandika mambo mengi pembeni. Gari tunaiacha. Nimemtumia mwenzangu asome yote mpaka hapa kwa kaka Ngalawa, kakaa kimya kama saa nzima, halafu kaniandikia "pesa shika wewe, na tukimaliza kuswali Ijumaa twende kwa mama tumwambie siku ya kurudi".

Shoga wa Wete
Na kila mtu awe na ya nauli ya kurudi imeshonewa kwenye nguo yake mwenyewe. Hiyo isiguswe hata mkifa njaa.

Abuu Salma
Hapo dada nakubaliana na wewe. Mfuko mmoja kwa matumizi, nauli ya kurudi kila mtu na yake.

Dereva Mstaafu
Na hayo maporomoko angalieni mwezi. Aprili na Mei maji yamejaa mpaka moshi unayafunika, Oktoba na Novemba upande wa Zambia unaweza kukuta mwamba mtupu. Katikati hapo, Juni mpaka Agosti, mnaona maji na mnaona na chini. Ila usiku baridi, chukueni makoti, Julai Johannesburg si mchezo.

Mwana wa Chake
Koti sina, mzee.

Dereva Mstaafu
Darajani mitumba, asubuhi mapema wakifungua robota. Usivuke elfu kumi.