MJADALA: Ngao ya Orion, busara au pupa?

Mzee wa Kizota: Wakuu, Orion, chombo cha NASA cha kupeleka watu mwezini, iliporudi Desemba 2022 kutoka safari ya majaribio ya Artemis I, ngao yake ya joto ilikutwa imemeguka sehemu zaidi ya 100. Gesi ilinaswa ndani ya Avcoat, yaani malighafi ya ngao hiyo, ikakosa pa kutokea, ikapasua. Desemba 2024 NASA wakaamua Artemis II, yenye watu 4, itumie ngao ya aina ileile, ila njia ya kurudi ibadilishwe. Kwangu huyo ni dereva wa basi la Dar: kaambiwa breki zina kasoro, anajibu "tukivuka Gairo nitateremka taratibu".

Oili Chafu: Madereva wamekukosea nini? Dereva hatoki na breki mbovu, anatolewa na tajiri aliyeshauza tiketi. Chombo cha NASA Challenger, Januari 1986: usiku wa kuamkia safari, mafundi wa Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi zake za pembeni, walisema msirushe chini ya nyuzi 12. Mabosi wao wakageuza. Asubuhi ilikuwa nyuzi 2. Sekunde 73 angani kikasambaratika, watu 7 wakafa.

Ihumwa Juu: Nyuzi 12 nayo ni baridi? Julai hapa Dodoma tunaamka nayo karibu hiyohiyo na boda zinawaka.

Oili Chafu: Boda haina kiungo kinachotanuka. Oringi ile, pete ya raba inayoziba kiungo cha roketi, ina unene wa milimita 7 hivi, inazunguka mtungi wenye upana wa karibu mita 3.7. Roketi ikiwaka, shinikizo linavimbisha ganda, mwanya unafunguka chini ya sekunde moja, na oringi inatakiwa iufuate papo hapo. Raba iliyopoa ni ugali uliolala: ukibonyeza, shimo linabaki. Gesi ya moto inapenya, inaila raba. Ya akiba ipo kiungo hichohicho, imepoa vilevile.

Ihumwa Juu: Ugali wa sembe huo. Wa uwele ukilala unabonyea vizuri tu 😂

Mzee wa Kizota: Ngao jamani, NGAO.

Mama Udhibiti: Siku hizi wanasikia. Starliner, chombo cha Boeing, 2024: injini ndogo 5 kati ya 28 zilikata, heliamu ikavuja. Ikarudishwa tupu, wanaanga 2 wakasubiri hadi Machi 2025.

Ihumwa Juu: Na ikatua salama! Si wangepanda tu?

Mama Udhibiti: Povu la tangi la mafuta la vyombo vya NASA lilidondoka safari kibao, vyombo vikatua salama, wakalizoea. 2003 likatoboa bawa la chombo Columbia, kikasambaratika kikirudi. Nani pale ana mamlaka ya kusema "hairuki" bila kuulizwa ratiba?

Oili Chafu: Si dereva, hilo najua.

Ihumwa Juu: Turudi kwenye uwele.